Kitabu cha Wageni

Dirishani mama alikataa kutoa senti.
"Babangu mimi aliingia bure," akasema,
na mwenye tikiti akacheka, nasi tukacheka.
Nikalipia watu watano,
zile karatasi zikalowa jasho mkononi mwangu.

Shemeji Ogola, fundi wa magari kule Changamwe,
alitaka chuma. Akaiendea mizinga moja kwa moja,
akaingiza ngumi mdomoni mwa mmoja,
akapima kwa shubiri, akauliza uzito wa tufe,
akauliza nani alikuwa akitia grisi.
Hakuna aliyejua. Akasikitika kwelikweli,
kama aliyekuta gari zuri lisilo na ufunguo.

Ami Shee ni seremala; yeye hakutazama chini.
Alitembea kainua kidevu, macho kwenye boriti,
akigongana na watalii, akiwaomba radhi kwa Kiarabu.
"Mti huu ulikatwa mwezi ukiwa kiza," akasema,
"ndiyo maana mchwa wameusoma tu, hawakuula."

Binti yangu Swabra alitaka mifupa.
Alipoikuta akasimama kimya,
akaniuliza kama huyu anajua tunamtazama,
kisha akaivuta sketi yake ikafunika magoti.

Mimi napenda vilivyovunjika.
Lile bakuli la Kichina, mshono wa gundi waonekana,
nusu ya ua huku, nusu ya ua kule.
Nyumbani nimevunja mangapi,
wala hakuna aliyeniandikia karne.

Mama alipita vyumbani
kama apitaye duka ambalo bei zake azijua.
Mbele ya kioo kimoja tu akasita:
mbuzi ya kukunia nazi, miguu imekunjwa, meno wazi.
"Maskini," akasema, "huyu naye wamemfunga.
Amekosa nini?"
Tukacheka tena. Yeye hakucheka.

Ndipo akamwita mlinzi, kijana mmoja, Thoya,
aliyekuwa akimenya chungwa kwa siri nyuma ya mlango.
"Mwanangu, wafungwa walikuwa wakilala wapi?"
Thoya akaonyesha upande kwa kidole chenye maji ya chungwa.
Kulikuwa na kibao. Mama hakukisoma, hajui kusoma.
Akaweka kiganja ukutani, penye matumbawe.

"Miezi minane," akasema.
"Gunia la sukari lilipasuka bandarini,
akajaza kofia. Kofia tu.
Sisi watoto tuliambiwa yuko Pemba, achuma karafuu.
N'na miaka saba, namshikia mamangu bakuli la wali
mpaka hapo langoni,
nami nikidhani Pemba imo humu ndani."

Ogola akaupangusa mkono wake kwenye suruali.
Ami Shee, kwa mara ya kwanza, akatazama chini.
Swabra akauliza sukari ilikuwa nyeupe au nyekundu.
"Nyekundu," mama akasema. Akafikiri.
"Au labda ni mimi niliyeipaka rangi."

Hapa hapana kioo, hapana taa ndogo ya manjano.
Jiwe lina matundu matundu, chumvi imeingia na kutoka,
na mtu fulani amechora moyo kwa msumari,
na nambari ya simu.
Mama akakaa na ukuta wake mpaka jua likahama.
Hatukumharakisha. Hatukujua pia la kusema.

Karibu na njia ya kutokea kipo kitabu cha wageni:
Jina. Utokako. Maoni.
Waliotutangulia wameandika pazuri sana,
wameandika vyoo viongezwe.
"N'andikia," mama akasema.

Jina? "Kombo wa Mwinyihaji."
Si lako, mama. "Andika."
Utokako?
Akafunga pindo la leso, akalifungua, akalifunga.
"Andika Pemba."

Maoni nikaacha wazi.
Nje Ogola alikuwa keshaanza kuuliza
wapi ataona gari moshi la zamani,
na mama akamjibu kwamba yeye ana njaa.